Stili Niliyoipima kwa Kiganja

Jamani, leo nimeaibika ukweni. Mchana kweupe, mbele ya akina mama wa jumuiya nzima.

Mama mkwe wangu anaishi Ushirombo. Tangu nimeolewa na mwanawe hajawahi kuniomba hata chumvi. Kwake mimi ni "yule wa machimboni", mwanamke anayeshinda Nyarugusu akinunua dhahabu ndogondogo kwa wachimbaji badala ya kushika mwiko. Sasa juzi kapiga simu mwenyewe! "Mama Neema, nitafutie sufuria ya stili. Hizi za alumini nimezichoka, zinabonyeabonyea." Nilikaribia kulia. Nikajiambia, leo ndiyo leo, nikilipatia hili nimekuwa mkwe.

Asubuhi nikapitia Kahama, sokoni Nyasubi. Muuzaji akaniwekea mbili mezani, zote zinang'aa. Moja nyembamba, nyingine nene. Nikazipima kiganjani moja moja, macho nimefumba. (Ndiyo, sokoni, watu wanapita.) Ndivyo tunavyofanya machimboni: kabla ya mizani, kiganja. Kizito ndicho chenyewe, chepesi ni magumashi.

"Stili ni hii," nikasema, nikainua ile nene.

"Hapana dada, hiyo ni alumini, ila wameimimina nene. Stili ni hii nyembamba."

"Kaka, mimi nanunua dhahabu. Unataka kunifundisha mambo ya chuma?"

Akanitazama kidogo, kisha akaanza kuifunga. "Haya, bosi." (Stili kweli ni nzito kuliko alumini, lakini zikiwa na unene mmoja. Mimi hilo la unene sikulifikiria hata kidogo.)

Ushirombo nikapiga goti mlangoni kwa mama mkwe, nikamwita mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu."

"Marahaba, ng'wanone."

Ng'wanone! Mwanangu! Hajawahi kuniita hivyo, mimi ni Mama Neema siku zote. Akaichukua sufuria, akaizungusha, akaipeleka moja kwa moja jikoni kupikia wali wa wageni. Akina mama wa jumuiya walikuwa wamekuja kusali kwake na kila mmoja alionyeshwa: "Kaniletea mkwe wangu. Stili hiyo!" Kichwa kikanivimba.

Wali ukiwa umekaribia kuiva, jirani yake, Mama Kabula, akaigonga sufuria na kijiko. "Mbona inalia kama alumini?"

Mama mkwe akanigeukia. Uso umebadilika. "Mama Neema, si nilisema stili?"

Mngekuwa mimi mngenyamaza. Mimi nikasimama, nikatoa mhadhara. "Mayu, stili ni ngumu, haibonyei ovyo. Haishiki kutu. Ukipikia nyanya au ndimu haibadiliki. Tena haipitishi moto haraka kama alumini, ndiyo maana wali unachemka huku mishikio imepoa." Yote niliyosema ni kweli. Ni kweli kuhusu ile sufuria iliyobaki Nyasubi.

"Basi ipua tuone," akasema Mama Kabula, akininyooshea kitambaa.

Kitambaa nikakikataa. (Kiburi hiki nilikitoa wapi, sijui. Hata ya stili, kwa muda ule iliokaa kwenye mkaa, ingeniunguza tu!)

Nikashika. Nikainua. Hatua ya kwanza bado natabasamu. Ya pili, "Yesu na Maria!" Nikaanza kucheza ngoma ambayo hakuna kabila linaloidai. Kuitupa siwezi, kuishika siwezi, akina mama wananipisha huku na huku. Ikaniponyoka, ikadunda kwenye jiwe, ubavu ukabonyea, wali ukamwagika chini. Kuku walifika kabla ya mtu yeyote.



"Ni alumini," akasema Mama Kabula. Nani alimuuliza?

Nikasubiri kufukuzwa.  Mama mkwe akaleta beseni la maji, akanitumbukiza viganja na kuvishikilia humo kwa muda mrefu, akiguna. Kisha akarudi jikoni, akasonga ugali kwenye sufuria yake ya zamani, akaja na kigoda na bakuli la mlenda, akakaa mbele yangu.

"Fungua mdomo."

"Mayu, nitakula baadaye."

"Utakula na mikono ipi? Fungua."

Nikafungua. Mwanamke mzima, mama wa mtoto, nikalishwa tonge kwa tonge mbele ya jumuiya nzima. Mlenda ukinichuruzika kidevuni, ananifuta kwa pindo la kanga yake. Mtu wa nyuma akaanza kucheka, mama mkwe akageuka: "Mnacheka nini? Huyu ni mwanangu, kaungua akinipikia." Aibu ilinijaa mpaka masikioni, na bado nilitamani ugali ule usiishe.

Mkitaka kucheka chekeni kimyakimya, maana siwezi kubishana na mtu: naandika kwa kidole gumba kimoja kilichonusurika.