Rekodi Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 4 Machi
Nimeonewa! Nimechungulia faili la wafanyakazi kwenye kompyuta kuu. Kwenye rekodi yangu Mkuu ameandika: AHAMIE BOHARI. Mimi, niliyekalia meza ya dirishani miaka kumi na minne! Jirani yangu wa meza, Miwani, anayesinzia tangu saa nne, rekodi yake inasema: ABAKI. Orodha inatoka Ijumaa. Mke wangu alishaapa kwamba tukihamishwa tena, nitahama peke yangu na mto wangu. Kweli mnyonge hana haki.

Jumanne, 5 Machi
Nina mpango. Nimemuuliza dada wa mitambo, kijuujuu tu, namna ya kubadilisha rekodi moja bila kugusa faili zima. Akasema ni amri zinazopokezana. Ya kwanza inapokea rekodi mpya, mwanzoni ikiwa na namba ya nafasi yake kwenye faili. Inayofuata inaibandika juu ya rekodi ya zamani yenye namba hiyo. Haiulizi ya nani. Akaniasa nihesabu rekodi, nisihesabu mistari ya karatasi. Kunifundisha kuhesabu! Nilikuwa nahesabu magunia yeye bado ananyonya. Nimemeza hasira pamoja na chai.

Jumatano, 6 Machi
Nimechapa orodha, nikaificha ndani ya gazeti, nikahesabu kwa kidole kuanzia juu kabisa, na kichwa cha orodha kikiwemo. Mimi ni wa arobaini na saba. Nikaandika rekodi mpya: jina langu, ABAKI. Nikatuma. Kompyuta imekubali bila neno. Angalau mashine inanitambua. Nimemruhusu mke wangu anunue mapazia mapya.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Miwani kazuiwa getini. Mlinzi anadai hayumo kwenye faili, hajawahi kuajiriwa. Mimi nimo mara mbili: wa arobaini na sita naenda bohari, wa arobaini na saba nabaki. Eti kichwa cha orodha si rekodi. Sasa mbona hakuna aliyeniambia? Dada wa mitambo anasema aliniambia. Yule anapenda ubishi. Miwani alilia pale getini mbele ya watu, nikaona aibu, nikapitia mlango wa nyuma.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kaniita. Kwa upole wa kuudhi akasema amefurahi kugundua kwamba ofisi ina mimi wawili. Mmoja aende bohari. Wa pili, kwa kuwa amekalia nafasi ya Miwani, afutwe. Miwani karudishwa, tena kapewa meza yangu ya dirishani! Nyumbani mke wangu hakugomba. Alikunja mapazia, akanikabidhi mto. Imeniuma kuliko kama angenitukana.

Jumatatu, 11 Machi
Bohari. Vumbi, paka mmoja, na kwenye kona, mashine iliyounganishwa na faili lilelile! Kosa halikuwa langu. Wiki ile nilifanya haraka kwa sababu ya kuandamwa. Leo nimechapa orodha mpya, nikahesabu taratibu mara tatu, kwa kalamu nyekundu, kuanzia kichwa. Mara zote tatu nimepata arobaini na saba. Nimetuma. Nimempigia mke wangu simu ayatundike mapazia.