Bihogo na Shahada Yangu ya Uandishi

Jumatatu, tarehe 4 Agosti. Bihambwe.

Leo nimemweleza Papa kwamba nakwenda Goma kusomea uandishi. Si sheria. Si udaktari. Uandishi, miaka mitatu! Papa akaegemea jembe, akauliza kama shule yote ile haikunifundisha kuandika. Nikamwambia kuna kuandika na kuandika. Akauliza ni kupi kati ya huko kunakonunua chumvi.

Kisha akaleta ushahidi wake wa siku zote: mjomba Noël wa Mpofi, kule Walikale, ana shahada ya fasihi na anauza mafuta ya mawese. Nikajibu kwamba kibao cha duka lake ndicho pekee Mpofi nzima chenye utangulizi, kiini na hitimisho. Papa akarudi kulima.

Minerval yangu yote, yaani karo ya chuo, iko malishoni inatafuna majani: Bihogo, ng'ombe pekee wa Papa. Ameapa hatamuuza mpaka aone kwa macho yake kwamba maneno ya karatasini yanaleta kitu. Sawa. Ataona!

Jumanne, tarehe 5

Jumamosi tunapeleka mahari ya kaka yangu Gustave. Yeye alikataa shule, akachagua pikipiki. Maskini. Sasa ana ng'ombe wawili wa mahari na mchumba, Uwamwezi.

Msemaji wa upande wa msichana ni baba yake mdogo, Papa Byukusenge. Mtu mwema, ila hukohoa kuliko anavyosema. Wazo! Nitamwandikia hotuba mimi, kwa siri. Watu watalia. Papa atalia. Kisha nitasimama niseme mwandishi ni mimi, na Papa atamfungua Bihogo kwa mkono wake. Sioni kasoro yoyote.

Alhamisi, tarehe 7

Nimemkuta Papa Byukusenge sokoni Sake, kwenye magunia yake ya maharage, nikamwambia nitamwandikia hotuba. Akaniuliza, "Weye si uko mutoto wa ule upande ingine?" Nikamjibu sanaa haina upande. Akakubali haraka ajabu. Ana jicho la fasihi, yule mzee. Akaninunulia kasiksi, na pombe ile ya ndizi ikanisaidia kuandika.

Uwamwezi nimemwona mara mbili tu, na mojawapo alikuwa amekasirika. Haidhuru. Nimeandika kwamba jogoo wa kwao huwika akisikia yeye ameshaamka. Kwamba maharage aliyoyapanda hata juu ya mwamba huota. Nimejiliza mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 9

Ushindi! Au karibu ushindi.

Papa Byukusenge alisoma bila kukohoa hata kidogo. Kwenye jogoo, vigelegele. Kwenye mwamba, Mama akajifuta kwa kitenge. Kisha mzee akakunja karatasi, akauliza kwa upole kama binti wa namna hiyo anaolewa kwa ng'ombe wawili. Hilo sikuliandika mimi.

Msemaji wetu, Papa Twizeyimana, kazi yake ilikuwa moja: kupunguza. Alikuwa analia. Akasema mbele ya wote kwamba kweli, wawili ni matusi. Msemaji WETU! Macho yote yakamgeukia Papa. Mtu mzima harudi nyuma mbele ya wakwe. Akaongeza Bihogo.

Hapo nikasimama nikatangaza kwamba mwandishi ni mimi. Mpango ni mpango. Upande wao wakapiga makofi. Gustave alivua kiatu kimoja, sijui kwa nini.

Jumapili, tarehe 10

Bihogo alikwenda jana bila hata kugeuka. Nilimchunga tangu akiwa ndama. Nimelia, na safari hii si kwa hotuba.

Tulipotoka kanisani Papa akanigeukia. "Sasa nimejua, kazi yako iko nalipa. Iko nalipa bantu bengine." Uwamwezi naye akaniuliza ni nani aliyenidanganya kwamba anaamka mapema.

Jumatano, tarehe 13

Nimepima upya, kwa utulivu. Ukurasa mmoja umeng'oa ng'ombe mzima, na chuo bado sijakiona! Nikiwa na shahada je? Soko lipo. Papa amekosa tu kulitazama kwa upande mzuri.

Kilichobaki ni kumpata Bihogo mwingine. Nimepanga kumwandikia sifa dada yangu Gentille, maana wakwe zake wanaleta mahari mwezi ujao. Nilikuwa nimeshaanza. Lakini leo msemaji wa wakwe hao amenifuata hadi shambani. Sifa zangu zimevuka milima! Anataka hotuba ya kuonyesha, kwa heshima zote, kwamba msichana kama Gentille mbuzi wanamtosha.

Kanipa kuku mkononi. Mshahara wangu wa kwanza wa uandishi! Nimekubali. Jogoo wa hotuba ile nitamtumia tena: atawika mpaka akauke koo, Gentille bado amelala.

Papa hatajua kitu, mpaka mwisho, nitakaposimama.