Mawe Arobaini ya Chokaa

Jumatatu, 1 Oktoba 1951

Nimeamua. Nyumba inauzwa!

Mwongeli aliondoka Juni na Nduku wetu mgongoni, na mimi nimechoka kuzungumza na sufuria. Nyumba yenyewe ndiyo iliyomfukuza. Mvua ya Aprili iliingia kwenye mabati bila kubisha hodi. Kitanda tulikisogeza pembe zote nne. Nilimwambia nitaziba matundu, kazi ya siku mbili. Juni akafunga mizigo, akasema anarudi shambani kwetu Kangundo, nami nimfuate. Nikasema wacha niuze nyumba kwanza. Siku mbili tu, nikasema.

Ajabu jinsi siku mbili zinavyoweza kurefuka.

Sasa kuna haraka ya aina mbili. Mvua ya vuli inakuja, na Mwongeli anataka nifike kabla ya kupanda. Pia mnunuzi ni lazima aione nyumba hii ikiwa kavu.

Bei hainisumbui. Mimi, Urbanus Nzioka, ni karani wa mizani kwenye ghala la magome ya miwati, miti ya dawa ya ngozi, hapa Thika. Miaka sita, hakuna kitu kilichopita mbele yangu bila uzito wake kujulikana. Vyumba viwili, mabati ishirini na manne, ukuta wa udongo, mlango wa mbao. Shilingi elfu moja na mia mbili. Nimeandika kwa wino.

Jumanne, 2 Oktoba

Bei imepanda. Jana nilisahau vitu.

Nimezunguka na karatasi nikiandika kimoja kimoja. Msumari wa kutundikia kiondo cha Mwongeli: shilingi ishirini. Alama ya kisu mlangoni, urefu wa Nduku siku aliyotimiza mwaka: hamsini. Pale alipokuwa akikaa kuchambua maharagwe, sakafu imebonyea kidogo. Hapo nilichuchumaa hadi miguu ikafa ganzi. Nikaandika mia moja, nikafuta, nikaandika tena.

Nampenda sana yule mwanamke. Nimeliandika hili hapa kwa sababu kwenye karatasi ya bei halikuwa na mahali.

Jumla nimeikamilisha hadi elfu moja na mia nne. Nilimwonyesha jirani yangu Gathogo, muuza makaa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Aliuliza ni nani atakayenunua urefu wa mtoto wa mwenzake. Wivu!

Alhamisi, 4 Oktoba

Sasa nimeelewa kicheko cha Gathogo. Na yeye anauza!

Leo nimemkuta akipaka mlango wake rangi ya kijani. Mbele ya nyumba ameweka madebe matatu yenye maua. Maua! Mtu ambaye kucha zake hazijawahi kuwa nyeupe. Nilimuuliza ni kwa nini, akasema hivi hivi tu. Hivi hivi! Mtu hapaki mlango rangi bila mnunuzi akilini.

Basi ni vita. Nimenunua gunia la chokaa. Nyumba yote itakuwa nyeupe kabla ya Jumapili.

Kuhusu matundu ya mabati nimepata akili ambayo fundi hana. Fundi anataka lami, ngazi, msaidizi na chai. Mimi nimenunua mche mmoja wa sabuni. Nimekata vipande, nimevisokomeza katika kila tundu la msumari na kupaka chokaa juu. Jua likiwaka huoni hata nukta ya mwanga. Shilingi moja na senti! Natamani Mwongeli angekuwepo aone. Hapana, afadhali hakuwepo.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya kanisa, kazi kubwa.

Ofisi ya Bwana DC ina njia iliyopangwa mawe meupe kushoto na kulia, ishirini na ishirini. Nimeyahesabu kwa miaka sita kila nikipeleka kodi. Mtu akiingia kwenye njia ile anavua kofia bila kuambiwa. Hiyo ndiyo heshima ninayotaka kwa nyumba yangu.

Nimebeba mawe kutoka mto Chania kwa baisikeli. Safari kumi na mbili. Nilipofikisha thelathini na saba miguu ilikataa katakata. Yamebaki matatu! Njia yenye mawe thelathini na saba ni aibu, upande mmoja unachechemea.

Nikaingia jikoni kunywa maji. Pale chini, mafiga. Matatu! Yamepoa tangu Juni, maana mimi nakula hotelini. Ya mviringo, makubwa kama yale ya mtoni, yanasubiri kazi tu.

Nikayapaka chokaa pamoja na mengine. Nimechanganya chokaa na chumvi na uji wa unga ili isitoke hata kwa radi. Kisha nikayapanga yote. Arobaini! Waithira, mke wa Gathogo, alisimama akatazama muda mrefu. Maua yao sasa yanaonekana kama magugu.

Jumanne, 9 Oktoba

Balaa.

Shemeji yangu Makau, kaka yake Mwongeli, ameleta mbaazi sokoni na ujumbe. Mwongeli amesema nyumba niuze, kitanda niuze, mikeka nigawe, hata mlango akiutaka mtu apewe. Yeye hahitaji chochote. Isipokuwa mafiga yake.

Nilikuwa nimesahau! Yalikuwa ya bibi yake. Bibi alimpa mama yake, na mama yake akampa siku niliyomwoa. Aliyabeba mgongoni kutoka Kangundo kwa sababu dereva alitaka nauli ya mawe. Makau alisema dada yake hajajenga jiko la kudumu kule nyumbani. Anapika kwenye matofali. Anangoja mafiga, kisha Makau akaongeza kwamba anayangoja yakiletwa na mimi.

Anapika kwenye matofali tangu Juni akinisubiri! Nilimwambia Makau nina vumbi machoni.

Akaomba kuyaona. Nikamwambia nimeyahifadhi vizuri sana. Alipoondoka nikatoka nje nikatazama njia. Mawe arobaini, meupe, yote ndugu wa tumbo moja. Nimesugua matano kwa maji na mchanga. Chokaa haikutoka hata kidogo. Mimi nikifanya kazi, nafanya kazi!

Alhamisi, 11 Oktoba

Nimetumia elimu. Nimeazima mizani ndogo ghalani na kupima mawe yote arobaini. Nimeandika uzito wa kila moja kwa safu nzuri. Nikakaa chini nilinganishe na uzito wa mafiga.

Siujui uzito wa mafiga.

Nimepima magome ya wilaya nzima. Nimepima kuku wa kasisi. Yale mawe yalinipikia chakula cha asubuhi na jioni miaka mitano, na siku ya kwanza kuyashika ni siku niliyoyapaka chokaa. Nimeona haya, ingawa hakuna aliyekuwa akinitazama ila Gathogo. Aliniuliza kutoka upande wa pili wa uzio kama sasa nauza mawe kwa ratili.

Jumapili, 14 Oktoba

Imeuzwa!

Jana nilikwenda Ruiru kwa baisikeli nikabandika tangazo kwenye duka la nyama. Leo amekuja Dalmas Odhiambo, karani wa shamba la kahawa huko, anayehamia kazi hapa Thika. Mtu mrefu, suti, kalamu mbili mfukoni. Niliogopa, maana kalamu mbili ni mtu wa hesabu.

Alipiga ukuta konzi. Alitazama juu. Jua lilikuwa kali, asante Mungu! Lakini kilichomteka ni njia. Alitembea juu yake mara tatu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Akahesabu mawe mwenyewe.

Nikataja elfu moja na mia nne. Akataka kujua nimefikaje huko. Nikamsomea karatasi: bati, mlango, msumari wa kiondo. Nilipofika kwenye urefu wa Nduku alinikatiza. Akasema ana binti kwao Alego, na kwamba leo akiulizwa kimo chake, hajui aweke mkono wapi. Akaweka mkono hewani, akaushusha, akaupandisha. Nikamwambia Mwongeli anapika kwenye matofali. Tukajikuta tunapokezana leso yake. Mtu anayelia hawezi kushikilia bei. Nilipokuja kujifuta vizuri nilikuwa nimeshakubali mia tisa na hamsini.

Mzee wa mtaa aliandika mapatano. Vyumba viwili, mabati ishirini na manne, na, kwa kuwa Odhiambo alisisitiza, mawe meupe arobaini.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimefanya ujanja. Nimeleta mawe matatu mapya ya mtoni, nikayapaka chokaa, nikayaweka njiani badala ya matatu niliyochagua. Odhiambo akihamia atapata arobaini yake kamili. Hakuna aliyeibiwa.

Matatu yapi niliyochagua? Yaliyoniangalia kwa huzuni zaidi.

Fedha ninayo. Sanduku limefungwa. Ningeweza kupanda basi leo na kula kesho muthokoi wake wa mahindi na maharagwe, wa moto, amekaa karibu nami kiasi cha kusikia bangili zake. Lakini itakuwaje nikifika na mawe ya watu? Nimempa Makau mawe ayatangulize. Mwongeli akiyakubali, nami nafuata. Makau aliniuliza kwa nini nisiyapeleke mwenyewe. Nikasema nina mambo ya kumalizia, ya siku mbili hivi. Alinitazama kwa jicho la dada yake.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mambo mengi leo! Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia katika stoo ya makaa ya Gathogo, ambako nimepanga kwa muda. Odhiambo alihamia jana.

Saa nne asubuhi nilimwona Mwongeli mwenyewe akitokea barabarani. Nduku mgongoni, kiondo begani, na ndani ya kiondo mawe yangu matatu. Amekonda kidogo. Ni mzuri kuliko nilivyokumbuka, na mimi sikuwa nimekumbuka vibaya. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilichosema ni kwamba mabasi yamepanda nauli siku hizi.

Hakunisuta. Alimwomba Odhiambo ruhusa, akapiga magoti njiani, akaanza kupapasa mawe kwa kiganja. La tatu kutoka barabarani akalitoa. La kumi na moja. Na lile la karibu kabisa na mlango. Kila moja lina bonde dogo pale chungu kinapokaa, alisema, na vidole vyake vinalijua. Akapanga yale ya mtoni mahali pake, Odhiambo akahesabu arobaini, wakashikana mikono.

Kisha akaitazama nyumba. Nyeupe, imefagiliwa, na ile njia. Akasema, Baba Nduku, ungeitunza hivi nilipokuwa ndani nisingeondoka. Akasema pia kwamba Kangundo mvua imeshanyesha tangu Alhamisi. Amepanda nusu ya shamba. Nusu nyingine ameniachia. Basi linaondoka saa kumi, nichukue sanduku twende.

Sanduku lilikuwa mkononi! Fedha mfukoni! Miezi minne nilikuwa nikiomba saa hiyo moja.

Hapo ndipo mvua ilipoanza. Matone makubwa, kisha yote kwa pamoja. Dakika chache tukasikia Odhiambo akipiga kelele kwa Kijaluo. Akatoka na povu kichwani, povu mabegani, kalamu zote mbili zimejaa povu. Alisema dari inafua nguo. Alisema mengine ambayo Mwongeli alimziba Nduku masikio asiyasikie. Mwisho akasema nyumba hii angeiuza hata kwa mia sita na kumshukuru mnunuzi.

Mia sita! Nimeuza kwa mia tisa na hamsini, nitainunua tena kwa mia sita! Na Mwongeli ameisifu kwa mdomo wake mwenyewe! Kichwa kilipata moto. Nilimwambia atangulie na mafiga, nitamfuata baada ya siku mbili nikiwa na habari njema.

Alimshusha Nduku, akamsimamisha mlangoni kwenye ile alama ya kisu. Amepita alama vidole vinne. Mwongeli akaniangalia nione. Nikaona. Nikasema vidole vinne ni vizuri sana.

Niliwasindikiza hadi kwenye basi kwa mwavuli wa Waithira. Walipata kiti cha watu wawili kando ya dirisha. Mwongeli alimpakata Nduku, na pale pembeni pake, mahali pa mtu mmoja, akaweka kiondo cha mafiga. Basi likaondoka. Alinipungia mkono mara moja.

Gathogo ameniambia sasa hivi kwamba hajawahi kufikiria kuuza nyumba yake. Maua aliyapanda kwa sababu Waithira aliyapenda. Rangi ya mlango pia, Waithira. Nilimhurumia. Mtu wa namna hiyo hatafika mbali kibiashara.

Kesho asubuhi namwendea Odhiambo na mia tano na hamsini. Nimetambua kosa lilikuwa wapi: sabuni ilikuwa ya bei rahisi. Safari hii nitatumia ile ya buluu, ngumu, wanayouza karibu na stesheni. Nyumba ikishakuwa kavu nitamwita Mwongeli aje.

Stoo inanuka makaa na nje kumepoa. Kangundo sasa hivi atakuwa amewasha moto. Nusu ya shamba inaningoja, na mvua imeshuka vizuri. Ngoja tu. Kazi ya siku mbili.