Ndege Isiyo na Cheti cha Kuzaliwa

Jumatatu, 7 Aprili 1986
Ndege ni yangu! Ya mbao na kitambaa, viti viwili, imo bandani kwenye shamba moja hapa Uingereza, huko Kent. Aliyeijenga kwa mikono yake amekufa, na mjane wake alitupa makaratasi yote. Rafiki yangu Gurdial, fundi wa kutoka Nairobi mwenye leseni ya urubani, anasema bila daftari la ujenzi hairuhusiwi kuruka. Nimecheka. Nilikuwa karani wa vizazi na vifo Unguja miaka kumi na moja. Makaratasi ndiyo kazi yangu.

Lazima iruke mwezi huu. Mdogo wangu Abdulwakil alipakia mizigo ya watu uwanja wa ndege kule nyumbani mpaka Mapinduzi yakatutoa. Mwenyewe hajapanda ndege hata siku moja, maana huku tulikuja kwa meli. Sasa anaumwa ini, daktari kampa wiki chache. Nimemwahidi.

Jumatano, 9 Aprili
Mkaguzi wa ndege amekuja. Mzungu mpole. Kasema daftari likikosekana njia ni moja tu: kupasua kitambaa cha bawa, aone kama gundi ya ndani bado imeshika. Gurdial keshatoa kisu! Nimemzuia. Sisi wakimbizi tulifika hapa bila vyeti, na hakuna aliyepasuliwa tumbo. Tulileta wazee wawili, wakatuapia, tukaandikwa. Ndege nayo itaapiwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Mashahidi wamepatikana. Wa kwanza mimi, Talib, karani mstaafu. Wa pili Firoz mwenye duka Tooting, London. Firoz hajaiona ndege kwa macho, lakini kaapa mbele ya wakili kwamba aliishuhudia ikijengwa tangu ubao wa kwanza. Penye jina la mama nimeandika "halijulikani". Hati safi kabisa! Mke wangu Mwanamwema kaisoma, akauliza kama ndege imeshatahiriwa. Nikaitia hati kwenye bahasha.

Jumanne, 15 Aprili
Hati imerudi. Mkaguzi kaandika kwa adabu kwamba haoni sababu ya kuwashuku wazee wangu, ila bado anataka kuiona gundi. Gurdial kanuna. Anasema bawa lingefunguliwa mchana mmoja, na kulishona tena siku mbili. Nimemwambia yeye fundi, mambo ya ofisi hayaelewi. Naandika rufaa, kurasa sita.

Saa kumi nilikwenda hospitali kumsomea Abdulwakil rufaa yote. Amekonda mno, moyo uliniuma. Alinisikiliza macho kayafumba mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akasema, "Kaka, mie sitaki cheti. Nataka kupanda."

Nikamwambia avute subira, ofisi haziendi mbio.

Jumatatu, 21 Aprili
Tumemzika mdogo wangu. Alifariki juzi asubuhi. Mvua tupu. Gurdial alikuja na kilemba cheupe, akabeba jeneza pamoja nasi, wala hakunilaumu. Bora angenilaumu. Nimelia kwenye basi mpaka nyumbani Thamesmead, Mwanamwema kanishika mkono njia nzima.

Alhamisi, 24 Aprili
Gurdial kapiga simu. Anaomba tena ruhusa apasue bawa, tuirushe ndege japo mara moja kwa ajili ya marehemu. Nimekataa. Kwa sababu leo nimegundua kosa la hati yangu! Mashahidi hawakuwa watu wa ndege. Sasa nani aliyeishi na ndege miaka yote ile ya kupakia mizigo kama si Abdulwakil? Na yeye hawezi kuitwa kuhojiwa.

Nimemwandikia kiapo, nikakipa tarehe ya wiki iliyopita. Sahihi yake imenishinda mara saba, machozi yakiharibu wino. Tangu tumzike, leo ndiyo mara ya kwanza naandika jina lake. Ya nane imetoka kama yake hasa, nikaikodolea macho mpaka chai ikapoa. Kesho naipeleka posta.