Kanuni Mbili Mezani kwa Bi Sophal

Kwa jina la Mola aliyewaumba watu wapate kusikilizana, nao wakachagua kubishana, twaanza.

Kisha tuwataje wahusika. Katika duka la donati la Bi Sophal, Sunnyvale, penye meza ya dirishani, huketi Delbert Nyquist, mwandishi wa programu, aitwaye Waya. Mkabala naye ni Prakash Upadhye, aitwaye Profesa, mwenye kazi ile ile katika kampuni inayoshindana na ya Waya. Kati yao huketi mzee Gus Marchetti, mnunuzi wa vifaa wa kiwanda cha injini za ndege, ambaye kwa wingi wa makaratasi yake wamemwita Fomu.

Ijumaa moja ya mwaka 1986 Profesa aliingia na gazeti la biashara, akalitandaza juu ya donati za wenziwe. Humo iliandikwa kwamba kompyuta za wahandisi zinazouzwa na kampuni ya Waya sasa zinakubali kanuni zote mbili zinazoiwezesha mashine moja kusoma na kuandika mafaili yaliyo kwenye nyingine: ile iliyozaliwa hapa hapa bondeni, penye kampuni za kompyuta, na ile ya kampuni kubwa ya simu.

"Hongera, Waya. Umezimaliza lini?"

"Nimeambiwa jana jioni," Waya akajibu. "Zote mbili ziwe tayari Jumatatu."

"Na umefika wapi?"

"Ya bondeni, nusu. Ya simu sijaigusa."

Kazi haikumwogopesha. Lililomchoma ni kwamba kesho yake binti yake alikuwa anaolewa Fresno, naye ndiye wa kumshika mkono hadi mbele ya kasisi. Bosi alikwisha sema: kanuni mbili Jumatatu, au kiti chake cha kazi akikalie mwingine.

Profesa alicheka hadi sukari ya unga ikampalia. Akataka kumjua mwehu aliyeahidi hayo. Waya akamwambia wamelazimika, kwani kampuni ya Profesa ilitangaza zote mbili tangu Machi. Hapo Profesa akateremsha sauti, akakiri kuwa walitangaza, ila walitangaza kwa sababu zabuni ya kiwanda cha injini za ndege ilizidai zote.

Vichwa vikamgeukia Fomu, taratibu.

"Mnaniangalia nini? Mimi nilinakili tu kutoka kwenye kipeperushi."

"Cha nani, mzee?"

"Chenu, Waya. Cha Januari. Kiliandikwa: zote mbili, 'hivi karibuni'."

Bi Sophal, aliyekuwa akipanga trei nyuma ya kaunta, akauliza huko kiwandani mafaili hayo wanapeana vipi hasa. Fomu akasema wanabeba mikanda ya kompyuta mikononi, ila kisanduku kitupu kwenye fomu kinaonekana vibaya.

Yakafuata mabishano ya nusu saa, Waya akiitetea ya bondeni na Profesa ya simu, kila mmoja akiapa kwamba kanuni ya mwenziwe ingeizamisha nchi. Mwisho Fomu akagonga meza kwa kijiko.

"Acheni hizo. Asubuhi hii, tunavyoongea, ya nani inafanya kazi?"



"Yetu ya simu inaandika," Profesa akasema. "Kusoma bado."

"Yetu ya bondeni inasoma," Waya akasema. "Haiandiki kitu."

Fomu akaweka kijiko chini. Akaeleza kwamba michoro ya injini huchorwa na mhandisi mmoja tu, na kila mwingine aliyeigusa ameiharibu.

"Miaka minne natafuta mashine ya kuwawezesha watu wangu kuiangalia michoro tu, wasiiguse. Kumbe unayo, na umekaa hapa unanuna?"

Akatoa karatasi za zabuni, akaufuta mstari wa kanuni mbili, akaandika kwamba yatosha moja, ya kusoma tu, akatia saini. Kisha akaiazima simu ya kaunta, akampigia bosi wa Waya na kumsomea. Bosi alikubali kabla Fomu hajamaliza, akampa Waya ruhusa. Bi Sophal akamfungia Waya donati dazeni mbili za kwenda nazo harusini.

Profesa akabaki na gazeti lake. "Na hii yetu, inayoandika bila kusoma, ataitaka nani?"

"Wapelekee watu wenu wa matangazo," Fomu akasema. "Wataizoea upesi."

Waya akaondoka. Mola amfikishe Fresno salama, awape maharusi maisha mema, na awahifadhi waliobaki pale mezani, awajalie subira ya kusoma kabla ya kutia saini. Amin.