Kibuyu cha Nyumba ya Kwanza

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Nyakanazi.

Nimechaguliwa! Mwalimu Clarisse ametoka Biharamulo na basi la asubuhi, akaja moja kwa moja kibandani kwangu. Nilikuwa namrushia dereva wa lori nyimbo kwenye simu. Nimemwacha na nyimbo nusu.

Clarisse anafundisha kompyuta sekondari. Miaka mitatu sasa, yeye na wenzake wa mtandaoni, ambao hajawahi hata kuonana nao, wamelichukua gemu moja la kizungu, la mapanga na majoka, wakalivua kila kitu. Majumba ya mawe nje. Majoka nje. Theluji nje. Imebaki chesisi na injini, kama lori la ajali pale gereji. Halafu wakalifunga bodi jipya kabisa: vilima, migomba, ng'ombe wa pembe ndefu, Mwami na ngoma zake. Hakuna anayewalipa. Wanapenda tu.

Nakala ya mwanzo ametupa watu wawili. Tucheze, tumwambie tunachokiona. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, ataonyesha watu ukumbini Biharamulo. Maneno ya gemu bado ni maandishi tu kwenye kioo, kwa hiyo anatafuta sauti. Mchezaji atakayemsaidia zaidi atakuwa sauti ya Mwami.

Sauti ya Mwami! Nimeijaribu wakati naoga. Mke wangu Bonifasia ameuliza ninaumwa wapi.

Huyo wa pili ni nani? Elick Niyomugabo. Elick wa banda la gemu ng'ambo ya barabara. Elick mwalimu wa kwaya. Elick anayesalimia mpaka mbuzi. Nimempongeza Clarisse kwa moyo wake wa huruma.

Nimempigia baba mkwe, Mzee Habonimana, kule Nyarubungo. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia Ijumaa aje Biharamulo amwone mkwe wake akiwa mfalme. Ameuliza kama jambo hili ni kama wale kuku.

Si kama wale kuku! Kuku wa mradi wangu walikufa kwa ugonjwa. Lakini miaka sita nimekuwa mkwe wa kuku, na nimechoka. Ijumaa mzee huyu atanitazama kwa jicho lingine, atake asitake.

Jumapili, 3 Agosti

Maoni ya kwanza: pazuri! Ukungu unapanda kutoka bondeni kama kwetu kabisa. Migomba inatikisika. Ng'ombe ana pembe ambazo hata mlangoni hazipiti. Nilikaa kidogo nikiangalia tu, nikakumbuka kwa bibi, Ngara. Nikajikaza. Mfalme halilii migomba.

Clarisse aliacha karatasi ya maelekezo. Sijaisoma. Magemu nimeyacheza tangu utoto na kanuni ni ile ile dunia nzima: unaingia nyumba ya kwanza, unazoa kila kitu, unakwenda ya pili.

Nyumba ya kwanza. Mlango wazi. Mwenyewe hayupo. Pembeni kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kimejaa mpaka shingoni. Nimezoa. Nimezoa na mkeka, na kigoda, na fimbo ya kutembelea ya mzee. Nilipotoka nilionekana kama mtu anayehama.

Bonifasia alikuwa nyuma yangu anachambua maharage. Ameuliza kama ndivyo ninavyoingia kwa baba yake. Nimemweleza kwamba gemu ni gemu. Amesema yule mzee atarudi kutoka shambani na kiu, akute patupu. Nimemwomba anichambulie maharage yake chumba kingine.

Jumatatu, 4 Agosti

Kasoro kubwa! Watu wa kilima cha pili ni mabubu. Akina mama wanalima, wanacheka, nikitokea tu majembe yanasimama. Kimya. Mmoja anamvuta mtoto ndani. Mbwa wananibwekea. Nimekwenda kilima cha tatu, ambako sijawahi kukanyaga. Vile vile! Hakuna anayenipa kazi, hakuna anayenielekeza kwa Mwami.

Nimemwandikia Clarisse kwa herufi kubwa: GEMU LIMEHARIBIKA, WATU HAWASEMI. Amejibu kwa kuniuliza kama nilipiga hodi.

Hodi! Kwenye gemu! Mtu ana panga kiunoni, apige hodi!

Nimeamua tatizo ni umaskini. Wananidharau kwa sababu sina mali. Basi nimepita nyumba kadhaa zaidi. Sasa nina vibuyu vitano mgongoni na bado hakuna anayenisalimia. Watu wabaya sana.

Jumatano, 6 Agosti

Kibanda kimepooza. Madereva wote wanavuka barabara kwenda kwa Elick. Nimevuka na mimi, kununua soda.

Elick ameunganisha kompyuta yake na televisheni kubwa. Na anapiga hodi. Kweli kabisa! Kuna kitufe cha hodi, nilidhani ni cha kuruka. Anapiga hodi mara tatu, anasubiri. Mwenye nyumba anakuja taratibu kutoka shambani, ananawa mikono, anamtolea kigoda. Wanaulizana habari za mvua. Za ng'ombe. Za ng'ombe wa jirani. Mwenyeji anaonja rubisi yeye kwanza, ndipo anamkabidhi mgeni mrija. Muda wote huo hajafa mtu hata mmoja!

Na madereva, watu wazima wenye matrela yao, wametulia kama kanisani. Mmoja wa kutoka Burundi amesema hivyo hivyo ndivyo baba yake alivyokuwa akipokea wageni. Kisha akainama akachezea kizibo cha soda. Hakuna aliyemcheka. Hata mimi.

Ila Elick yuko wapi kwenye gemu? Nimemaliza soda, ameshafika kwenye ua wa Mwami! Kilima kimoja kilimpeleka kingine, kila mwenyeji anamtumia salamu kwa anayefuata. Mimi niko porini na vibuyu na mbwa.

Ameniona, akanipokea kwa mikono miwili, akauliza safari yangu imefika wapi. Nimemwambia hapo nilishapita zamani.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango! Safari ya mchezaji inahifadhiwa kwenye faili. Faili linaingia kwenye flashi. Flashi ninayo.

Nimempelekea Elick nyimbo za kwaya, zawadi, nikaomba nimwekee mwenyewe kwenye kompyuta yake. Machozi yamemlengalenga. Amenishukuru mpaka nikaona aibu, si nyingi. Tatizo likawa kwamba haondoki, amesimama hapo hapo ananiombea baraka.

Ndipo akapita mzee mmoja wa kanisa, na Elick akatoka kumsalimia. Salamu za Elick! Shikamoo. Habari za nyumbani. Za mama. Za yule kijana wa Bukoba. Za goti. Za dawa ya goti. Mtu mwingine angebeba kompyuta nzima na televisheni. Mimi nimechukua faili tu, kwa sababu ni mtu wa kiasi.

Nimelifungua kwangu. Ua wa Mwami! Ngoma! Nikafunga haraka nisije nikaharibu kitu. Sehemu iliyobaki ya siku nimefanya mazoezi ya sauti. Bonifasia amehamishia maharage kwa jirani.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Naandika kwa sababu daktari wa moyo sina.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi, walimu, wakulima waliotoka kwenye sikukuu. Baba mkwe kiti cha mbele, koti la harusi, kofia gotini. Amekuja na jirani yake kama shahidi. Nimemwamkia kwa kuinama mpaka kiuno. Amesema haya, tuone.

Clarisse aliuliza nani aanze. Nilikuwa nimeshafika kwenye kompyuta.

Nikafungua. Ua wa Mwami ukajaa ukuta mzima. Ngoma zikalia. Watu wakapiga makofi! Nikageuka nimwone baba mkwe. Alikuwa ameweka kofia kichwani, ili apate kuivua. Nadhani. Nilijisikia mrefu.

Hapo akatokea mlinzi wa lango, kizee chenye mkuki, na maneno yake yakajitokeza kwenye ukuta kwa herufi ambazo hata wa nyuma walizisoma: KARIBU TENA, ELICK MWANA WA NIYOMUGABO. VILIMA VYOTE VIMEKUSIFIA ADABU YAKO.

Gemu linakuita kwa jina uliloandika siku ya kwanza. Iko kwenye ile karatasi, ameniambia Clarisse. Baadaye.

Nikasema Elick ni jina langu la utani. Nikasema Niyomugabo ni upande wa mama. Baba mkwe, aliyekaa na ukoo wangu mzima siku ya kupanga mahari, alikohoa. Elick mwenyewe akasimama nyuma akasema kwa upole huenda faili zimechanganyika wakati kaka Fredi akimsaidia na nyimbo. Ananitetea! Ningependa kumpiga.

Clarisse akasema hakuna neno, nifungue safari yangu mwenyewe. Ukumbi mzima unasubiri. Nikafungua.

Nikatokea porini, vibuyu vitano mgongoni, mkeka, kigoda, fimbo. Nyuma yangu mbwa. Nyuma ya mbwa kilima kizima cha watu, wanapunga majembe, na juu ya kila kichwa maandishi: RUDISHA KIBUYU! Na yule mzee wa nyumba ya kwanza anachechemea mbele yao, bila fimbo.

Nikapata hasira. Nikawageukia watu nikapiga kelele kwamba mlango ulikuwa wazi! Kwamba mwenyewe hakuwepo! Kwamba nisingekichukua mimi angekichukua mwingine! Kwamba fimbo nilikuwa naitunza!

Kicheko kilianzia kiti cha mbele. Baba mkwe. Sijawahi kumwona akicheka, hata siku ya harusi yangu, hasa siku ya harusi yangu. Amecheka mpaka jirani yake akamshika bega. Alipopata pumzi akaniambia, "Mkwe, umenifurahisha leo. Sasa rudisha fimbo ya watu."

Elick ndiye Mwami. Wamempigia vigelegele.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekwenda Nyarubungo, Bonifasia kanilazimisha. Nimeona mama mkwe akihamisha kibuyu cha rubisi kutoka mlangoni kwenda chumbani. Na sufuria pia.

Nilijikunyata kwenye benchi nikisubiri habari ya kuku. Haikuja. Baba mkwe amewaita majirani, akawasimulia mwenyewe tangu mwanzo, mbwa na yote, na kila akifika kwenye fimbo ananipiga paja kwa kiganja. Kisha akaonja rubisi yeye kwanza, akanikabidhi mrija wake. Miaka sita hajawahi. Nilikunywa nikiangalia chini. Nimefurahi jamani, nisiseme uongo.

Tukiwa huko huko Clarisse akapiga simu. Nilijiandaa kutukanwa. Kumbe ana shukrani! Wenzake walitengeneza umbea ndani ya gemu, unaosafiri kilima hadi kilima kumtangulia mwizi. Hawakuwahi kuujaribu mpaka mwisho, kwa sababu waliocheza wote walikuwa na adabu. Mimi peke yangu nimeufikisha kilima cha mwisho. Na zile kelele zangu za ukumbini alizirekodi kwa simu. Ameomba ruhusa aziweke kwa mwizi wa vibuyu, ambaye hutokea kila kilima.

Kila kilima! Mwami yuko ua mmoja tu. Nimepiga hesabu: mimi nasikika kuliko Elick. Nilijua tangu mwanzo ninachokifanya.

Nimekubali, kwa masharti. Masharti nitayafikiria.

Jumanne, 12 Agosti

Nakala mpya imefika! Nimeanza upya, kwa jina langu, kama mtu mstaarabu. Nitamfikia Mwami kwa adabu tupu, kabla ya Jumamosi, na Clarisse ataona ni nani alistahili ile sauti. Karatasi ya maelekezo nimeisoma. Nusu.

Njiani nimekutana na mwizi wa vibuyu, kafungwa kamba, anapiga kelele kwa sauti yangu kwamba mlango ulikuwa wazi. Nimecheka mpaka nimekohoa. Mpumbavu gani anabeba mpaka fimbo!

Nyumba ya kwanza. Nimepiga hodi mara tatu. Nimesubiri. Hakuna mtu. Nimepiga tena, nimesubiri tena, safari hii nikajongea kidogo ndani ili anisikie vizuri. Yuko shambani. Anaweza kuchelewa. Kibuyu kiko pale pale, kimejaa mpaka shingoni, na watoto wa jirani wanapitapita.

Nimekichukua. Lakini mkeka nimeuacha.