Nafasi Tupu Hotelini kwa Castory

Uweso aliisikia riziki yake ikitajwa kijiweni Ngamiani, kahawa ikiwa bado ya moto kikombeni. Castory, tajiri wa machungwa wa Muheza, kajenga hoteli Tanga mjini na wageni hawaji. Sasa kaapa kuigeuza iwe ya Kijapani ndani mpaka vyooni, maana kaambiwa watu wa siku hizi wanapenda hayo. Anatafuta mtaalamu.

"Mtaalamu mbona keshapatikana," alisema Uweso, na kabla wenzake hawajamaliza kucheka, alikuwa keshavuka barabara.

Tumpe haki yake: Ujapani aliujua. Miaka mitatu aliuza vipuri vya magari yaliyotoka huko, na vingi ambavyo havikutoka huko.

Kesho yake alikuwa sebuleni mwa hoteli ya Castory, kavaa shati jeupe lisilo na kola na viatu vya ngozi vyenye soli nene kama matofali. Alizunguka kimya, akitikisa kichwa mbele ya kila kochi kama daktari aliyekwisha kata tamaa.

"Tatizo la hoteli yako, mzee wangu, ni vitu."

"Vitu gani?"

"Vyote. Kule Kyoto nilikosomea, mgeni akiingia chumbani anataka aone nini? Hakuna! Nafasi tupu. Hiyo ndiyo ghali kuliko kitu chochote. Anayejaza vitu ni maskini."

Castory, aliyelelewa chumba kimoja na ndugu sita na mbuzi, alijiona ametukanwa na kuelimishwa kwa mkupuo mmoja. "Basi vitolewe! Vitolewe leo!"

"Nitavitoa mwenyewe. Ila kutoa nako ni fani, mzee. Kuna gharama yake."

Hivyo Castory akalipa makochi yake yabebwe, na Uweso akalipwa tena na walioyanunua. Vikaenda vitanda vya mninga, makabati, hata saa ya ukutani. Ilisalia sanamu ya Bikira Maria tu, kwa sababu Praxeda, mke wa Castory, aliisimamia mikono kiunoni. "Huyu haondoki. Hata Japani wanamjua."

Penye vitanda Uweso alitandika mikeka ya ukindu, akaiita tatami, akaapa imeshuka kwa ndege. Penye milango ya mbao akaweka fremu za mianzi zilizobandikwa karatasi nyeupe. Kisha akatoa amri mbili za Kijapani: hakuna kuvuka kizingiti na viatu, na chai hunywewa kwa kupiga magoti, wala hainuki mtu kabla mkubwa wa kikao hajamaliza bakuli lake.

Amri ya kwanza ilimhusu kila mtu isipokuwa yeye. Viatu alivua, lakini akaingia navyo kwapani. "Viatu vya mwalimu havikai nje," alieleza. Ukweli ni kwamba mwizi anaijua mifuko yote, kwa hiyo Uweso alikwisha toboa soli zake na kuzishindilia pesa zote za Castory. Ijumaa angevuka mpaka pale Horohoro, akafungue duka Mombasa, aitwe tajiri na watu wasiomjua.

Chai ya ufunguzi ilikuwa Alhamisi mchana. Praxeda alimleta mama yake, Bibi Anastazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona viatu kwapani? Humu mna mwizi?"

Wageni wakaangua kicheko. Castory hakucheka; bahasha ya malipo ya mwisho ilikuwa imechungulia mfukoni mwa shati lake. Uweso akaitazama bahasha, akavitazama viatu, akaviweka kizingitini katikati ya kandambili za waalikwa.

"Na mkubwa wa kikao ni mama yangu," alisema Praxeda akimimina chai. "Si ndivyo ulivyotufundisha, mtaalamu?"

"Ndivyo hasa, mama."

Praxeda akatoka kufuata maandazi, akauvuta mlango wa karatasi nyuma yake. "Mwanga uwe laini," alisema. Na hilo pia alikuwa kafundishwa.

Bibi Anastazia alifyonza funda moja, akaanza hadithi ya baba yake na shamba la mkonge. Kila hadithi funda moja, na bibi alikuwa na hadithi nyingi. Miguu ya Uweso ikawasha, ikachoma, kisha ikawa ya mtu mwingine kabisa.

Ndipo kivuli kikapita kwenye karatasi. Kivuli kipana, chenye kilemba. Kikainama. Kilipoinuka kilikuwa kimeshika vitu viwili vyenye soli kama matofali.

"Mama yangu!" Uweso akapiga ukelele.

"Tulia, mtaalamu," Castory alimkanya. "Bibi hajamaliza. Kwani Kyoto huwa wanainuka?"

Macho yote yalikuwa kwake, na bahasha ilikuwa pale pale.

"Hawainuki," alisema, kama mtu anayejisomea hukumu.

Bibi akalichungulia bakuli. "Imepoa. Niongezeeni ya moto."

Alipoliweka chini hatimaye, Uweso aliruka. Miguu ikakataa. Akaanguka mzima mzima kwenye mlango wa karatasi, akatokea upande wa pili. Nyuma yake wageni wakapiga makofi, na mmoja akauliza kama wote watatokea hapo hapo.

Kandambili zilikuwa zimepangwa vizuri. Katikati yake pengo la jozi moja.

Praxeda alikuwa amekaa kwenye ngazi na kisu cha kumenyea machungwa. Pembeni, soli zimepasuliwa kama mapapai. Noti alikuwa keshazitia upindoni mwa kanga.

"Bi Zuwena muuza mikeka anakusalimu," alisema. "Anauliza ukili wake umeanza kusukwa Kyoto lini. Msukaji anaijua kazi ya mikono yake, mwanangu. Na kochi langu jekundu nimelikuta dukani kwa jirani yake. Jioni linarudi, na wenzake wote."

"Mama, nakuomba. Basi hata viatu vyenyewe?"

Praxeda akamwonyesha pengo kwa ncha ya kisu. "Chukua nafasi, baba. Si ndiyo ghali kuliko kitu chochote?"

Uweso akashika barabara pekupeku. Lami ya saa nane ilikuwa ya moto, na kila hatua aliinua mguu juu, kwa adabu kubwa, kama mtu anayevuka kizingiti.